Sanamu mbili za udongo alizoachiwa bibi: za mkono au za kalibu?

BintiVuga

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wanaojua vyombo vya udongo vya zamani, maana nyumbani kwetu jambo hili limeshakuwa mjadala wa kila usiku baada ya chakula.

Marehemu bibi yangu, mzaa mama, alikuwa yaya kwenye nyumba ya Mwingereza mmoja pale Shangani. Wale watu walipofungasha kuondoka, mwishoni mwa 1963, walimwachia kasha la vikorokoro: mashuka, vijiko, saa ya ukutani isiyotembea, na sanamu mbili za udongo. Mashuka yalichakaa, vijiko vikapotelea kwenye shughuli za watu, sanamu ndizo zilizobaki. Bibi alizifunga kwenye kanga kuukuu akaziweka juu ya kabati. Hakutaka zionekane, na ukimwambia azitupe hataki vilevile.

Ya kwanza ni mwanamke muuza maua, kimo chake shibiri moja na kidogo. Kajitanda shali, kapu kalipakata kiunoni limejaa maua madogo madogo, mengine yamekatika ncha. Uso wake si wa mwanasesere hata kidogo. Ana mikunjo ya jua pembeni mwa macho, na mdomo kauvuta upande mmoja, utadhani kashaambiwa bei ipungue na hapunguzi. Kasimama juu ya kibao cheusi cha mbao kilichoanza kuliwa na wadudu. Chini ya udongo pamechongwa C. VYSE CHELSEA.

Ya pili ni ndogo: mbuzi kalala, kageuza shingo anamnusa mwanawe aliyejikunja ubavuni. Chini kuna jina la kukwaruza, nusu limezibwa na kile kioo cha juu, yaani ule utando unaong'aa uliopakwa juu ya udongo. Nasoma "Stella", halafu "Cro", basi. Tumboni ana tundu, njiti ya kiberiti inapita.

Kuna muuza vitu vya kale hapa Mjini nilimwonesha. Akasema ni mapambo ya kiwandani, wala hazina mkono wa mtu ndani yake, akanitajia bei isiyofika hata nauli ya boti kwenda Dar na kurudi. Mama naye anasema sanamu ya kiumbe haikai ndani ya nyumba inayosaliwa, niuze au nitupe, lakini ziondoke. Mie nataka kwanza kujua nina kitu gani mkononi. Nitajuaje kama zimefinyangwa kwa mkono? Na zina vumbi lililogandana miaka na miaka. Nikizitia kwenye beseni la maji ya sabuni na jiki kidogo kuna neno?

Mlandege_Original

Dada chukua pesa ya watu. Udongo huo. Siku paka wa jirani akipanda kabati utauza vigae.

FundiHurumzi

Wa alaykum salaam, mwanangu. Jiki usitie! Hilo kwanza, mengine baadaye.

Udongo wa sanamu kama hizi umechomwa kwa moto wa wastani, kwa hiyo ndani bado unanyonya maji, na kile kioo cha juu mara nyingi kina nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka utie taa. Jiki inapenya humo. Ikikauka, chumvi yake inaganda na kuvimba, na baada ya muda kioo kinaanza kubanduka vipande vipande. Hewa yetu ya pwani ina chumvi ya kutosha, hatuna haja ya kuongeza. Chukua brashi laini ya rangi uondoe vumbi likiwa kavu. Kisha pamba kwenye kijiti, maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Pangusa pahala padogo, kausha papo hapo, nenda pahala pengine. Usiloweke. Na usimnyanyue kwa kapu wala kwa mkono wake, mkono wako mmoja uwe kiunoni mwake, wa pili chini ya kitako.

Sasa huyo Vyse. Charles Vyse alizaliwa 1882 upande wa Staffordshire, kwenye viwanda vya vyombo vya Uingereza, na angali kijana akawekwa kwa Doulton, kampuni ya vyombo vya udongo, kujifunza kazi. Baadaye akasomea uchongaji wa sanamu London, na Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha yeye na mkewe Nell wakafungua karakana yao Cheyne Row, mtaa wa Chelsea. Nasema karakana: mume, mke na tanuri lao, hakuna king'ora cha zamu. Walichopenda kukifanya ni watu wa mitaani: wauza maua, wauza mabaluni, Wajipsi wa minadani. The Balloon Woman, ya mwanzoni mwa miaka ya 1920, ni mojawapo ya zilizowapa jina.

Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo watu wanapouziana mbuzi kwenye gunia. Huyo muuza maua wako kapita kwenye kalibu. Vyse alifinyanga sanamu ya asili kwa mkono, akaitolea kalibu ya plasta, hiyo hiyo wanayomfungia mtu aliyevunjika mguu, halafu akamimina ndani yake udongo uliochanganywa na maji ukawa uji. Plasta inanyonya maji, uji unaganda ukutani, uliobaki katikati unamwagwa, unabaki na umbo lenye uwazi ndani. Lakini kilichotoka kwenye kalibu hakijawa yule mama unayemwona. Vipande vilitolewa mbalimbali vikaunganishwa kwa mkono, maua yakabinywa kwa vidole moja moja, na rangi ikapakwa kwa brashi. Ukikuta sanamu mbili za jina moja, shali ya huyu ni buluu na ya yule zambarau. Na hazikutolewa nyingi. Kwa hiyo aliyekwambia hazina mkono wa mtu anataka kununua rahisi, na atakayekwambia ni mkono mtupu anataka kuuza ghali.

Ukitaka kujua mwenyewe bila kutegemea jina (jina hata mie naweza kuchonga), mlaze juu ya taulo, mtoe kibaoni kama anatoka, tia taa ya simu kwa chini. Ukuta wa ndani ukifuata umbo la nje, yaani shali ilipotokeza nje na ndani pana shimo lake, na unene ni mmoja kote, hiyo ni kazi ya uji. Ukiona alama za dole gumba, vibonge vilivyokandamizwa, huku unene huku wembamba, basi mtu aliujenga au aliukandamiza kwa mkono. Angalia pia mbavuni na chini ya kwapa kama pana mstari uliopigwa msasa. Kalibu huacha mshono, na fundi mzuri huufuta, lakini chini ya kwapa husahau.

Huyo mbuzi ndiye ninayemtaka mie. Stella Crofts (1898–1964) alisoma Central School na kisha Royal College of Art, vyuo vya sanaa vya London, akawa akienda kuchora wanyama kwenye bustani ya wanyama ya London, halafu anarudi kuwafinyanga. Jina lake alilikwaruza udongo ungali mbichi. Chukua kioo cha kukuzia utazame kingo za herufi. Udongo mbichi ukikwaruzwa hunyanyuka pembeni, na kioo kikija juu yake motoni kinatiririkia ndani ya mfereji wa herufi. Herufi iliyochongwa baada ya moto ni kavu, kingo zake zimemeguka, na chini yake unaona rangi ya udongo. Umesema jina limezibwa nusu na kioo. Mwongo hawezi kulifanya hilo bila kurudisha chombo tanurini.

Bei: kazi za Vyse kwenye minada ya Uingereza huenda kwa mamia ya pauni, na zilizo nzuri hupita elfu. Nauli ya boti mwambie akapande yeye.

Kwa mama yako simo, huyo ni mkubwa wangu. Ila nikuchekeshe. Kabla ya Vyse walikuwapo ndugu wanne wa Martin: Wallace, Charles, Walter na Edwin. Walianza Fulham 1873, na 1877 wakahamia Southall, kwenye kiwanda cha sabuni kilichoachwa kando ya mfereji. Vyombo vyao walivichoma kwa chumvi. Tanuri likishapamba moto kwelikweli, nyuzi 1,250 na zaidi, wanarusha chumvi ya kawaida ndani. Inageuka mvuke, inashikana na silika iliyomo kwenye udongo, na chombo kinatoka na kioo chenye vipele kama ganda la chungwa. Wallace, aliyekuwa mchongaji wa mawe, ndiye aliyefinyanga ndege: midomo mikubwa, macho ya usingizi, sura za mahakimu waliokula wakashiba. Na ndege wake wengi ni makopo, kichwa ndicho kifuniko. Sasa wewe umesoma chuoni: sanamu ikiondolewa kichwa, kuna wanaosema si umbo la kiumbe tena. Ndege wa Martin unamvua kichwa ukakiweka chumba cha pili, mama hana kesi! Tabu yake ni moja, ndege mmoja mnadani ni makumi ya maelfu ya pauni. Na anayemnunua huangalia saini pahala pawili, kichwani na kiwiliwilini, maana vichwa huvunjika na watu huoza kichwa cha huyu kwa mwili wa yule.

Charles, aliyeshika duka lao Holborn, alizipenda kazi za nduguze kiasi cha kuficha zile bora chini ya mbao za sakafu asije akaziuza. Duka likaungua 1903. Nimekwisha kuwaona wa namna yake hapa Mjini, lakini leo sitaji mtu.

AbuIlham_Kikwajuni

Fundi, maskhara yako nimeyacheka lakini tusimpe mtoto hoja ya kwenda kumgombeza mama yake. Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye picha na sanamu ni mashuhuri, na mama ana haki ya kuishikilia. Vilevile yamepokewa ya Bibi Aisha na wanasesere wake, na farasi wake mwenye mbawa, na Mtume hakumkataza. Wanazuoni wamelizungumza sana, hatutalimaliza hapa. BintiVuga, mama hashindwi kwa hoja. Mwambie: nipe muda nijue thamani, halafu kauli ni yako. Na ziendelee kukaa ndani ya kanga kama alivyoziweka marehemu. Bibi yako alikwisha kulitatua hilo zamani bila ya kumuuliza mtu.

MamaVyungu_Wete

Mwanangu, hao Wazungu mie siwajui, lakini mama yangu alikuwa mfinyanzi na mikono yangu imekulia kwenye udongo. Nimeisoma hiyo habari ya tundu la tumboni nikacheka peke yangu.

Kitu chochote ukikiziba pande zote ukakitia motoni bila pumzi, kitapasuka. Udongo hata ukauonaje umekauka, una maji yake ndani. Moto ukipanda yale maji yanakuwa mvuke, na mvuke unataka njia. Ndiyo maana tunaanika kivulini siku nyingi, juani hatuthubutu, na moto wa kwanza ni wa kupasha tu, unavigeuza vyombo upande huu na huu, ndipo unapovifunika makuti na kuni ukawasha wa kweli. Kupasuka kwa kimoja si neno. Neno ni kuwa kikipasuka hurusha vigae, kikavivunja na vya jirani. Kwa hiyo huyo bibi Stella katoboa tumbo la mbuzi, na kalitoboa chini pasipoonekana. Mfinyanzi huyo.

Jambo la pili: mbuzi kalala. Wewe unaona mapenzi ya mama na mtoto, mie naona akili. Miguu minne myembamba ya udongo mbichi haibebi tumbo. Inapinda, na ikikauka inapasuka kwenye goti na kwenye paja. Mwenye kutaka mnyama asimame humtilia kichaka au gogo chini ya tumbo, ukitazama utaona majani yamejazana pahala ambapo pasingeota jani. Aliyelala hana shida hiyo. Na mtoto kumbandika ubavuni ni kuuzidishia ukuta nguvu.

Sasa pa kuangalia. Shingo. Mnyama akigeuza shingo, udongo unavutwa upande wa nje na kubanwa upande wa ndani, na ukikauka ufa unatokea upande wa nje. Pitisha ukucha pale taratibu. Kisha masikio na pembe: vimetiwa baadaye, na vilipoungwa lazima mwili na sikio viwe na unyevu mmoja, vikwaruzwe pande zote mbili, vipakwe udongo mwepesi, vikandwe. Kimoja kikiwa kikavu kuliko mwenzake, kitashika leo, motoni kinaanguka. Ukiona chini ya sikio pana kialama cha kidole au kijiti kilichokokota udongo wa sikio ukaingia kichwani, hiyo haitoki kwenye kalibu hata siku moja. Nyuma ya sikio la mtoto ndipo utaipata, maana kidole hakikuweza kuingia kulainisha.

BintiVuga

Shukrani nyingi nyote. Nimefanya kama mlivyosema.

Muuza maua ni wa uji, hapana shaka. Ndani ya shali pana shimo linalofuata shali, na mshono upo chini ya kwapa la kulia kama Fundi alivyotabiri, mwembamba, umefunikwa na rangi. Lakini kapu limeungwa, na maua hakuna mawili yaliyo sawa. Kuna moja lina alama ya ukucha! Si ukucha wangu, wangu hauingii pale, ni mdogo zaidi.

Mbuzi: nyuma ya sikio la mtoto nimeikuta. Kidole hasa sikuona, ni kijiti kilichovutwa kutoka sikioni kwenda kichwani, kikaacha mstari mfupi na kibonge mwishoni. Shingo haina ufa. Herufi zina kioo ndani. Na ukimtikisa anachakacha, kuna kitu tumboni.

Kaka yangu akanikumbusha kuwa rafiki yake anafanya kazi kwenye duka la kubadilisha fedha, wana ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Tulikwenda saa wamefunga, tukazima taa. Mbuzi yuko safi, rangi moja mwili mzima. Muuza maua mkono wa kushoto umewaka mweupe kuanzia kwenye kifundo, na maua mawili vivyo hivyo. Mchana huoni kitu. Inamaanisha nini?

Mama amesikiliza yote. Kauliza huyo Stella alikuwa mwanamke kweli, nikamwambia ndiyo. Hukumu yake: muuza maua auzwe, na pesa sehemu itoke sadaka kwa bibi. Mbuzi anaweza kubaki kwa sababu, nanukuu, "mbuzi angalau tunamla." Sikuuliza zaidi.

MamaVyungu_Wete

Hicho kinachochakacha ni chembe ya udongo iliyodondoka ndani alipokuwa akikomba au akitoboa tundu. Ikachomwa humo humo. Usihangaike kuitoa.

FundiHurumzi

Mama Wete, ningekujua zamani ningeliacha kununua vioo vya kukuzia.

BintiVuga, mkono umevunjika siku nyingi ukaungwa na kupakwa rangi. Gundi na rangi za kutengenezea huwaka kwenye taa hiyo tofauti na kioo cha asili. Si msiba. Sanamu za namna hii zina vidole na maua yanayotokeza, ni nadra kumpata asiye na kasoro, na wanunuzi wanalijua hilo. Wasilolisamehe ni kufichwa. Kwa hiyo ukipeleka picha kwenye nyumba ya mnada, piga uso, mgongo, jina, maua yaliyokatika, na mkono, useme wazi mkono umetengenezwa. Weka rula pembeni. Andika na habari ya bibi yako: nyumba ilikuwa Shangani, alikuwa na kazi gani, alipewa mwaka gani, nani aliyesimulia. Andika sasa mama yako angali anakumbuka.

Usimpe mtu aurekebishe upya. Masika inayokuja gundi ya zamani ikilegea mkono ukatoka, uweke kwenye pamba, uache. Fundi anayejua atautia gundi inayoyeyuka kwa asetoni, wanayoiita Paraloid B-72, kwa sababu kesho mtu akitaka kuufungua anaufungua. Anayekuja na supa gluu mfungie mlango.

Kibao cheusi usikitupe. Vyse zake nyingi zilisimama kwenye vibao hivyo, na anayenunua hukiulizia. Kifunge ndani ya nailoni mbili, kitie kwenye friza wiki mbili, wadudu watakufa. Kama kimeoza cha kutobeba, mwambie fundi wa milango akuchongee kingine kwa kipimo kile kile, lakini cha zamani kiende pamoja na sanamu.

Mbuzi, mama akiruhusu, mweke kwenye kidaka kirefu, si ukingoni. Na siku ukibadili nia, mie nipo.

Mlandege_Original

Fundi samahani, nilikuwa naleta utani mwanzoni. Shangazi yangu Mkunazini ana bakuli la kijani kibichi kama linaelekea buluu, zito, limechongwa chini VYSE na mwaka, naona 193 halafu tarakimu haisomeki. Ni huyo huyo? Si sanamu, bakuli tu. Anatilia ndimu.

FundiHurumzi

Huyo huyo! Nell, mke wa Vyse, alikuwa hodari wa kuchanganya kioo. Jirani yao Chelsea alikuwa George Eumorfopoulos, mkusanyaji mkubwa wa vyombo vya Kichina, nao wakawa wakivitazama kwake na kujaribu kurudia rangi zake kwa majivu ya kuni, ile kijani ya kale ikiwamo. Kijani hiyo hiyo tunayookota vigae vyake kwenye magofu ya pwani, vilivyokuja na majahazi kabla ya Mreno. Kwa hiyo shangazi yako ana bakuli la Kichina lililofanywa na Mwingereza, na ndimu za Unguja ndani yake. Ndimu hazilidhuru, huo ni udongo wa moto mkali. Kinachonitia hofu ni mkono wa anayeliosha baada ya pilau.

Ndimu zihamishie kwenye sahani ya plastiki leo hii, na bakuli lipige picha chini, karibu, taa ikitokea ubavuni ili tarakimu isomeke. Bei usimtajie shangazi bado.